Chupa ya Mawese na Mfalme wa Taji la Karatasi

Kila nikifungua chupa ya mawese, magoti yangu hukumbuka sakafu ya ukumbi wa kanisa kule Ujiji.

Tulikuwa wasichana watatu. Wenzangu walizaliwa pale. Mimi nilikuwa nimefika kwa boti na mama, tukikimbia vita Burundi. Jumapili ile tulinunua mawese sokoni, kisha wawili tukaingia ibadani. Mwenzetu Mwislamu alitungoja nje, chupa yetu mapajani. Mchana sote tukaenda ukumbini kutazama maigizo.

Mfalme akatokea na taji la karatasi. Kwetu nilifundishwa kwamba mkubwa kama yule husalimiwa kwa magoti na makofi ya taratibu. Nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikatoa salamu ya mchana ya Kirundi, "Mwiriwe!"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Kakimbizi hako!" mtu akasema. Masikio yakaniwaka moto.

Nikasikia chupa ikiwekwa sakafuni. Yule aliyetungoja nje alikuwa amepiga magoti kando yangu. Wa pili naye akashuka.

"Shikamoo, Mfalme!" wakasema pamoja, wakipiga makofi kama mimi.

Kicheko kikakatika. Mfalme akasahau maneno yake, akavua taji.

"Marahaba, wanangu," akaitikia, akatungoja mpaka tulipoinuka.