Barafu ya Kupimia Zege la Temeke

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mnyororo ulioingia ardhini, nikaambiwa niuvute. Ilikuwa Kiwalani, enzi za Mwingereza, wakati huko bado ni mikorosho na mashamba ya mihogo. Idara yetu ya ujenzi ilikuwa imezungushia seng'enge kipande cha uwanja ambacho majirani walidhani ni kaburi la mtu mkubwa. Nilivuta nikitegemea kuona ndoo ya maji. Kikatoka kipimajoto chembamba cha kioo, na chini yake donge la nta.

"Soma haraka," alisema mkuu wetu, Mzungu tuliyemwita Bwana Vipimo. "Usishike chini. Ukishika chini, unapima mkono wako."

Nta ile ndiyo iliyonipa hamu ya kazi. Kipimajoto kikitolewa shimoni na kuletwa juani, zebaki hupanda kabla hujatia jicho. Nta huichelewesha, ukapata nafasi ya kusoma joto la kule kilikotoka. Tulikuwa na mabomba ya chuma ya vina mbalimbali, kila bomba na kipimajoto chake, na mwanzoni niliamini vyote ni vibovu. Jua la adhuhuri lilikuwa linachoma nyayo, lakini kile cha kina cha mkono kilionyesha ubaridi wa asubuhi. Jua likizama, watu wakianza kuona nafuu, chenyewe ndiyo kwanza kinapanda. Nilimwuliza Bwana Vipimo, akacheka kwa mara ya kwanza mbele yangu.

"Ardhi inapata habari kwa kuchelewa," alisema.

Tangu hapo nikawa mgonjwa wa kutaka kujua. Nilitia mkono kwenye mtungi, kwenye jivu, chini ya mto wa kulalia, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimerogwa huko Kiwalani.

Baada ya muda nikahamishiwa Temeke, kwenye ujenzi wa tangi kubwa la maji. Huko mkuu alikuwa Bwana Injinia, kijana wa Kiingereza mwenye haraka, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kuuliza pia. Kazi ya zege ilikuwa chini ya msimamizi wake, Fundi Pazi, Mzaramo wa palepale Temeke, mtu wa kanzu safi siku ya Ijumaa na sauti ya kuamsha mtaa siku nyingine zote. Alikuwa akinitania kwamba serikali inanilipa niangalie vitu vikipoa.

Na kweli ndiyo ilikuwa kazi yangu. Saruji ikikutana na maji hutoa joto yenyewe. Ukuta mwembamba haukusumbui, lakini msingi mnene kama ule, ndani ukichemka na nje ukapoa, hupasuka. Kwa hiyo amri ilikuwa moja: mwaga tabaka moja, funika kwa magunia, yamwagilie maji mchana kutwa, na usiweke tabaka jingine mpaka vipimo viruhusu.

Ndani ya zege huwezi kuvuta mnyororo. Tulizika nyaya. Unachukua waya wa shaba na waya wa madini mengine, unaziunganisha ncha, unazifukia kabla zege halijamwagwa. Ncha nyingine mbili zinazounganishwa hivyo hivyo unazitia kwenye barafu, na katikati unaweka kisanduku chenye mshale. Mshale hauonyeshi joto la zege. Unaonyesha tofauti ya joto kati ya zege na barafu. Barafu inayoyeyuka joto lake linajulikana dunia nzima, basi unajumlisha, unapata jibu. Barafu yangu ilitoka kiwandani mjini, imefungwa kwa maranda ya mbao kwenye gunia, nami niliiponda na kuitia kwenye chupa ya chai. Iliyobaki vijana wa zege waliigombea na kuimumunya mpaka meno yakawauma.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Mji mzima ukataka barafu ya kupozea sharubati ya futari, na kutoka kiwandani nikawa narudi na gunia tupu. Fundi Pazi akanionea huruma.

"Wewe usihangaike," alisema. "Shemeji yangu anauza samaki. Barafu kwake haikosi. Nitakuletea mie mwenyewe."

Akaniletea gunia zima asubuhi iliyofuata, kabla sijafika kutoka Kiwalani, ambako bado nilikuwa nasoma mabomba yangu kila asubuhi; zege la jana yake nalo lilimwagwa nikiwa mjini nahangaikia barafu. Ilinuka samaki kidogo, lakini barafu gani ya mji huu hainuki samaki? Nikajaza chupa, nikasoma mshale. Joto la zege lilikuwa juu mno. Nikasoma waya wa pili, wa tatu. Yote juu.

Bwana Injinia alipoona asubuhi ile ile, akawa mwekundu. Kwake maana ilikuwa moja tu: watu wamefunga, wamechoka, Fundi Pazi kawaambia wamwage matabaka mawili kwa siku moja ili siku ya pili wapumzike.

"Tabaka moja, Bwana," Fundi Pazi alisema. "Waulize hawa vijana wote."

"Vijana wako watasema unavyotaka wewe."

"Wallahi, na swaumu yangu hii, tabaka moja."

Bwana Injinia alimwambia akusanye vifaa vyake aondoke. Kesho yake zege lote lingevunjwa kwa nyundo. Fundi Pazi alichukua mwiko wake na pima maji, akaenda kukaa nje ya geti, kwa kuwa bado hajalipwa na hakuwa na uso wa kurudi nyumbani mchana na watoto wakimtazama. Vijana waliacha magunia wakasimama tu. Mimi nilisikia uchungu, maana namba zilizomfukuza zilitoka kwenye kisanduku changu.

Alasiri nikarudi kwenye kisanduku. Kulikuwa na waya mmoja wa akiba, haukuzikwa, unaning'inia kibandani kivulini. Nikausoma kwa udadisi tu. Nao ulionyesha joto kubwa kuliko kipimajoto cha ukutani kilichokuwa kando yake. Nikautia kwapani. Joto la mwili wa mtu mzima nalijua, kila zahanati wanalijua. Nikasoma mshale: nyuzi mia moja na kumi na mbili, kwa hesabu ya Kiingereza ya wakati ule, ambayo mtu mwenye afya hafiki mia moja. Kwa mujibu wa kile kisanduku, mimi nilikuwa marehemu.

Nikamwita Bwana Injinia. Alitazama, kisha akafungua vifungo vya shati na kuutia waya ule kwapani mwake. Naye alikuwa marehemu.

"Barafu," alisema taratibu. "Tatizo ni barafu. Lakini barafu ni barafu."

"Labda ina kitu, Bwana. Ionje."

"Onja wewe."

"Nimefunga."

Akatazama huku na huku. Watu wote pale walikuwa wamefunga. Ndipo nilipofahamu. Mwezi mwingine wowote, vijana wangekuwa wameshaimumunya asubuhi ile na kuitema kwa makelele. Bwana Injinia akachukua kipande, akakitia mdomoni, akakunja uso na kukitema mbali.

"Chumvi!"

Kumbe yule shemeji muuza samaki alikuwa anaiponda barafu yake na kuichanganya na chumvi ya mawe ili samaki wagande vizuri. Barafu ya namna hiyo hushuka baridi kuliko barafu ya kawaida, na tofauti ikikua, mshale unakudanganya kwamba zege linachemka. Ule wema wa Fundi Pazi ndio uliomponza.

Bwana Injinia alitoka mwenyewe hadi getini. Alisema mbele ya vijana wote, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Fundi, nimekosea. Rudi." Sikuwahi kusikia Mzungu akisema hivyo kwa mtu mweusi, na sikusikia tena kwa miaka mingi. Fundi Pazi aliinuka, akachungulia ndani, akapiga ukelele: "Magunia yamekauka! Mnaangalia nini?" Kazi ikaendelea.

Nilipima ardhi na zege mpaka nikastaafu, muda mrefu baada ya bendera kubadilika. Vijana wa sasa wana vipimo vinavyoandika namba vyenyewe, navionea wivu. Wakinitembelea huwasimulia ile barafu, nao hucheka.

Mwaka niliostaafu nilikwenda kumwamkia Fundi Pazi kwake Temeke. Alikuwa mzee sana, macho hayaoni vizuri. Wajukuu zake walikaa mkekani, nami nikawasimulia kwa mbwembwe jinsi barafu ilivyomwokoa babu yao. Wakacheka, nami nikacheka. Yeye alingoja tumalize.

"Mwanangu, nakushukuru, na Mungu akulipe," alisema. "Ila barafu ilisema alasiri. Mie nilikuwa nimeshasema asubuhi."