Maji Niliyoyafuta Kwenye Barafu

Siku yangu ya kwanza kazini, joto la Garissa lilikuwa limeishinda feni yetu moja, na mimi nikakabidhiwa barafu. Ofisi yetu ndogo ilichambua vipimo vya setilaiti kwa niaba ya wanasayansi wa ng'ambo. Mkuu wa Kitengo, mtu wa maneno machache, alinionyesha kiti. "Bi Fatuma, uko kwenye majaribio miezi mitatu. Futa mwangwi mbovu, bakisha wa kuaminika. Karibu."

Nyinyi vijana mnaobonyeza kitufe mkapata ramani, hebu nisikilizeni. Setilaiti hutuma wimbi la redio chini, kisha hupima muda linaochukua kurudi kama mwangwi. Muda huo ndio unaotupa umbali hadi chini, na kutokana na umbali huo tunajua usawa wa bahari. Bahari ikiwa wazi, kazi ni rahisi. Karibu na ncha za dunia maji yamefunikwa na barafu inayoelea, kwa hiyo mara nyingi wimbi hugonga barafu.

Nilifanya kazi kwa bidii ya mgeni. Kila nilipoona mwangwi mkali mno, unaong'aa peke yake katikati ya ule hafifu, niliufuta. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Buna. Tulifundishwa tungali wadogo kwamba kinachometameta mbali nyikani ni mazigazi tu, maji ya uongo ya joto, na ukiyafuata utaua mifugo kwa kiu. Sikuona haja ya kumuuliza mtu.

Siku moja kabla ya ramani yangu ya usawa wa bahari kutumwa ng'ambo, nilifungua mwongozo wa kazi, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Nikasoma kwamba barafu ina nyufa, na maji yaliyotulia ndani ya ufa hurudisha mwangwi mkali kama kioo. Hapo ndipo usawa wa bahari hupimwa. Nilikuwa nimefuta bahari yote, nikabakisha migongo ya barafu, iliyo juu kuliko maji.

Mkuu wa Kitengo alikuwa ameshaisifu ramani. Ningenyamaza, ningeajiriwa, na kazi ile niliitaka mno. Kwetu hakukuwa na binti aliyewahi kukaa ofisini. Lakini wenzetu wa ng'ambo wangeamini bahari imepanda, wawatishe watu bure. Niliingia kwake, nikamweleza.

"Ulidhani ni mazigazi?"

"Wallahi, bosi, nilidhani hivyo."

"Hata mimi sikukueleza. Nakala ya mwanzo ipo. Rudisha yote, nitawaandikia tumechelewa. Na kuanzia leo, hapa hakuna kufuta bila kuandika sababu."

Wiki mbili nilirudisha mwangwi mmoja mmoja kutoka nakala ile, nikiandika sababu ya kila niliouacha, na mstari wa bahari ukashuka mahali pake. Nilifurahi hata nikalia. Nilithibitishwa kazini, nikatumikia hadi nilipostaafu juzi. Setilaiti zimebadilika, lakini kanuni ile ya sababu bado inafuatwa.

Wakati ule nilimpigia simu mama kule Buna. Aliniita "hooyo", yaani mama, kama mama wa Kisomali anavyomwita mwanawe.

"Hooyo, walikutuma utafute maji, ukayaona, ukayatupa?"

"Ndiyo, mama."

"Hilo usimwambie mtu wa hapa."

Nilimtii hadi alipofariki. Sasa kila nikienda Buna huwasimulia wasichana wa shule. Hucheka mpaka machozi yawatoke, kisha huniuliza kazi hiyo inaombwaje.