Basoda wa Bwana Yangu

Daktari aliposema damu ya bwana yangu itapungua nguvu katika wiki ya nne, nilimkodolea macho. Hata mashine ya miale ilikuwa haijaanza kumpiga! Alikuwa na karatasi tu: umri wa mgonjwa, kipimo cha damu cha siku ile, picha ya saratani ndani ya ubongo, na vidonge anavyomeza ili kichwa kisivimbe. Akajumlisha vitu vyake, akachora mstari unaoteremka. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, namjua mtoto anayeandika jibu kabla ya kufanya hesabu. Nikajisemea, dokta gani huyu anapiga ramli?

"Mama," aliniambia, "damu haikai pahali pamoja. Inapita mu kichwa, miale inaipiga, inarudi mu mwili. Kila siku basoda kidogo wanakufa. Wagonjwa wengine wanapoteza wachache tu. Yeye, vile ninaona, atapoteza wengi. Ndiyo maana tutapima damu kila wiki. Na homa ikianza, hata kama ni Jumapili, munipigie simu saa ile ile. Musingojee."

Maneno mengine yote yalinipita. Nilibaki na moja: basoda.

Kwetu Bujumbura basoda ni askari wa mwili, wale wanaopigana na magonjwa. Lakini ukisikia basoda wa mutu wamepunguka, hakuna anayeuliza anaumwa nini. Watu wanashusha sauti, wanasema pole, kisha wanaanza kumtazama mke wake kama naye amekonda. Ni neno la sida, ukimwi ule, basi. Na bwana yangu alikuwa mtumishi wa serikali, miaka kumi na mitano ya misioni, safari za kazi mikoani, wiki mbili huku, wiki tatu kule, anarudi na ndizi nzuri na shati lililofuliwa na mkono nisioujua. Ndizi nilipokea, shati nilinyamazia. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo hawakukosea.

Tulipofika nyumbani Ngagara nilipekua mifuko yake yote, na sanduku, na kabati la juu, nikitafuta chupa ya dawa asizonionyesha. Sikuona kitu, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

"Munanificha nini, we na dokta wako?" nilimuuliza.

Akacheka, mkono kwenye kile kichwa chake kilichokuwa kinangojea miale. "Dokta anaficha? Yule anatangaza mpaka wiki!"

Wiki ya nne damu ikashuka, sawasawa na ule mstari. Mutu mwingine angesema, kumbe dokta anajua kazi yake. Mi nilisema, anayejua siku mwizi atakuja, si ndiye aliyemtuma? Au alikuwa anajua ugonjwa mwingine tangu mwanzo, na hii habari ya miale ni pazia tu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Ijumaa ile jioni homa ikaanza.

Namba ya dokta ilikuwa kwenye simu yangu. Sikupiga. Nitasema ukweli kama ulivyokuwa: sikutaka mutu yeyote anisomee hali yangu kabla sijaijua mwenyewe. Nilimpa paracetamol, nikamfunika blanketi, na moyoni nikasema, tetemeka tu, kama ulivyonitetemesha. Nilimchukia, ee.

Jumamosi nikaenda Carama, ambako hakuna mzazi wa mwanafunzi wangu, kwenye kituo cha afya kidogo, nipimwe. Muuguzi akanitazama kwa huruma. "Vipimo vimeisha, mama. Rudi Jumatatu."

Kwa hiyo nikangojea Jumatatu. Jumapili nilikwenda misa, na walioniuliza habari za mgonjwa niliwaambia anapumzika. Nilipiga magoti muda mrefu. Sikumwombea yeye. Nilijiombea mimi.

Jumatatu asubuhi, Carama tena, wakanitoboa kidole. Sina kitu. Mzima kabisa! Nilifurahi, nisidanganye, nilitoka pale natembea kama bibi harusi. Halafu nikafika nyumbani, nikamkuta bwana yangu midomo imekauka, kifua kinapanda na kushuka mbiombio, ananiita kwa jina la dada yake. Yebaba we! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na gari lake.

Hospitali dokta alimsikiliza kifua, akanigeukia, kalamu mkononi.

"Homa ilianza lini?"

"Leo asubuhi," nikasema.

Bwana yangu alifungua macho. Alinitazama, kisha akamtazama dokta. "Ndiyo, dokta," alisema, pumzi ikimkatika. "Leo asubuhi."

Siku tatu alikuwa ametetemeka ndani ya lile blanketi, na sasa ananisitiri.

"Apana," nikasema. "Tangu Ijumaa."

Dokta akafuta alichoandika. Akamwita muuguzi kwa sauti kubwa, wakabadilisha dawa, wakaleta chupa ya oksijeni. Walipomaliza, nikamfuata hadi mlangoni, nikauliza chini chini kama basoda hao wanauawa na ule ugonjwa.

"Mama, ule tulipima siku ya kwanza. Hana. Wanauawa na miale yetu sisi wenyewe. Nilikuambia mapema ili umulinde."

Alilala pale siku kumi na mbili. Mashine ilimngojea, akamaliza matibabu yake kwa kuchelewa, na sasa anakaa barazani, amekonda, lakini anakula. Wageni wakija anawasimulia. "Huyu mama ndiye aliniokoa. Mi nilitaka kudanganya dokta, yeye akasema kweli." Wageni wananisifu, wananiita mke kwelikweli. Yeye hajawahi kuniuliza siku zile tatu nilikuwa nangojea nini. Anasimulia, anatabasamu, na mi namchungulia usoni. Anajua, au hajui?