Mpangaji wa Bibi

Jumamosi asubuhi huwa naongoza watu kupanda kilima. Si kilima cha ajabu, ni kama vilima vyetu vyote vya Mwanza, mawe juu ya mawe na nyumba zimebanwa katikati. Tulianza majirani wachache wa Kiseke tuliochoka kukaa ndani. Tulikuwa tukikutana karibu na Mto Mirongo, tunapanda kwa miguu huku tukiulizana habari za zamani. Kwa kuwa nimefundisha jiografia sekondari kwa muda mrefu, wenzangu walinisukuma mbele. "Mwalimu, eleza." Nikawa naeleza: ngazi za mawe ambazo wazee wanasema zilichongwa enzi za Mjerumani, pimbi wanaoota jua, mijusi yenye vichwa vyekundu, na ziwa lenyewe, ambalo wengi waliozaliwa hapa hawajawahi kulitazama kutoka juu. Watu wakaongezeka. Wakaja wanachuo, zikaja familia, wakaja watu wenye simu nzuri.

Katikati ya njia palikuwa na nyumba ya bibi mmoja, Mkerewe, mjane aliyeishi peke yake. Vyumba viwili, ua mdogo uliofagiwa vizuri, na nyuma yake jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mara ya kwanza tulimwomba maji tu. Baadaye akawa anatungoja, ndoo imefunikwa, amevaa kitenge chake cha kanisani, na viti ameazima kwa jirani. Alipenda wageni yule bibi. "Mwanangu, wiki nzima naongea na kuku," aliniambia siku moja. "Jumamosi na mimi naongea na watu."

Ni yeye aliyenionyesha bundi. Nilikuwa nimekwenda peke yangu kumpelekea sukari. Akanishika mkono, akanizungusha nyuma ya nyumba na kuninyooshea kidole kwenye ufa wa jiwe. Sikuona kitu. Kisha jiwe likafumbua jicho. Alikuwa bundi mkubwa wa kijivu mwenye vishungi viwili kama masikio, rangi yake na ya jiwe ni moja, ametulia kama mtu anayesikiliza mahubiri.

"Huyu ni mpangaji wangu," bibi alisema akicheka. "Kodi yake ni panya. Tangu ahamie hapa mahindi yangu hayaguswi." Halafu akashusha sauti. "Lakini haya yabaki kwetu mimi na wewe, mwalimu. Watu wa hapa unawajua."

Nikasema nawajua. Na kweli nawajua, nimezaliwa huku huku. Bundi akilia juu ya paa letu, bibi yangu mzaa mama alikuwa anatupa chumvi motoni. Najua pia kwamba mwanamke mzee, mjane, anayekaa peke yake, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, ana neno moja linalomfuata nyuma maisha yake yote, likingoja tu mtu wa kulitamka. Hilo hakuna aliyehitaji kunifundisha. Kwa hiyo siwezi hata kujitetea kwamba sikujua.

Jumamosi moja tulikuwa wengi kuliko kawaida. Jua lilikuwa kali, pimbi walikuwa wamejificha, na nyuma yangu nilisikia mtu akinong'ona kwamba kumbe ni mawe tu. Ile kauli ilinichoma. Tulipofika kwa bibi, watu wakiwa wanakunywa maji, nikawaambia wanifuate taratibu bila kelele. Nikawapeleka nyuma ya nyumba, nikawaonyesha ule ufa.

Walishangaa kama nilivyotaka washangae. Sifa zikanipanda kichwani. Bibi alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, nami nikamwita kwa sauti ya furaha: "Bibi, njoo uwaambie huyu ni nani!"

Akanitazama. Nilipata nafasi ya kutosha kusema, basi bibi, acha. Sikusema. Na yeye, kwa kuwa wale walikuwa wageni wake, akatabasamu na kusema, "Huyu? Huyu ni wangu. Namfuga mimi." Watu wakaangua kicheko. Simu zilikuwa zimeinuliwa juu.

Aliyenipigia baada ya siku mbili alikuwa mama anayeuza nyanya chini kwenye zile ngazi, tunafahamiana. "Mwalimu, umeiona video? Iko kwenye kikundi cha mtaa. Bibi kakiri mwenyewe kwamba anafuga bundi."

"Ulikuwa utani, mama."

"Utani wa bundi?" akauliza. Hakuwa na ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa.

Akanitumia. Ilikuwa video fupi sana. Sauti yangu ya kumwita ilikuwa imekatwa. Alibaki bibi peke yake, na bundi, na kicheko cha watu wasioonekana.

Wiki ile ile mtoto wa nyumba ya jirani alishikwa na degedege. Alipelekwa hospitali akapona, lakini katika mambo haya kupona huwa hakuhesabiwi. Wanawake waliokuwa wakipita uani kwa bibi wakitoka kuchota maji wakaanza kuzunguka njia ndefu. Jirani akaja kuchukua viti vyake. Bundi akakutwa chini ya jiwe amepondwa kichwa, na mchana kweupe jiwe likarushwa juu ya bati la bibi wakati yeye yuko ndani anapika.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa wa bibi. Alikuwa mtu mwema, akawaita majirani, wakaja wakakaa kwenye mabenchi. Nikawaeleza kwamba bundi ni ndege kama kuku, kwamba anakula panya, kwamba bibi alitania na mimi ndiye niliyemchochea atanie. Nilizungumza vizuri. Waliitikia kwa vichwa kama darasa langu la zamani lilivyokuwa likiitikia wakati hakuna aliyeelewa. Nilipomaliza, baba wa yule mtoto akainua mkono.

"Mwalimu, wewe unakaa wapi?"

"Kiseke."

"Basi kikao hiki kikiisha, wewe utarudi Kiseke. Sisi tunabaki hapa."

Hakunitukana. Alisema tu, akakaa. Mwenyekiti akasema tufunge kwa sala.

Binti yake bibi alikuja kutoka Sengerema kumchukua. Nilikwenda kusaidia kubeba. Vitu havikuwa vingi: godoro, masufuria, debe la mahindi, kuku wawili wamefungwa miguu. Bibi alizunguka nyumba yake akigusa kuta, kisha akafunga mlango kwa kufuli, akavuta kuhakikisha. Tuliteremka zile ngazi yeye akiwa katikati yetu, amenishika bega. Milangoni mwa nyumba walisimama wanawake, baadhi yao aliowazalisha kwa mikono yake mwenyewe. Aliwasalimia wote. Wachache walisema "Shikamoo bibi," na yeye akajibu "Marahaba" kwa sauti ile ile ya siku zote. Nilimsindikiza hadi kwenye kivuko. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kuomba msamaha, na kila nilipofungua mdomo yeye aliniuliza habari za watoto wangu.

Sasa tunapanda kwa upande mwingine. Wageni wapya hawajui kwamba kulikuwa na njia nyingine, na wale wa zamani hawaulizi. Yule aliyepiga video sijawahi kumtafuta. Nimtafute nimwambie nini? Alirekodi nilichomwonyesha.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Sengerema. Bibi alikuwa kanisani. Binti yake alinikaribisha kiti chini ya upenu, akaendelea kuchambua maharage kwenye ungo.

"Mama hana kinyongo na wewe, mwalimu," akasema hatimaye, bila kuinua uso. "Mimi ninacho."

Nikamwambia ana haki. Akatupa kijiwe nje ya ungo.

"Kila siku ananiambia wewe ni mtu mzuri. Ananiambia ulimpelekea sukari. Mimi namwangalia tu. Pale alikuwa na nyumba yake. Hapa ananiomba ruhusa kuchukua chumvi."

Bibi alirudi na wanawake wenzake wawili wa jumuiya, wakaagana njiani. Amekonda. Aliponiona akafurahi, akanikumbatia, akaamuru nisiondoke kabla ya kula. Tukala ugali na sato, na katikati ya chakula akauliza, "Bado mnapanda?"

"Tunapanda, bibi."

"Wageni ni wengi?"

Nilitaka kusema hapana. "Wengi," nikasema.

"Vizuri. Watu waone ziwa." Akaninyofolea nyama ya mgongoni mwa samaki, akaniwekea kwenye sahani, nami nikala. Binti yake alikuwa ananitazama.