Kompyuta niliyoitangazia kifo

Madame Espérance, mwalimu aliyekimbia vita Goma, alileta kwenye kibanda changu hapa Lubumbashi kompyuta iliyonyeshewa njiani. Ndani mlikuwa na alama za wanafunzi wake waliotawanyika. Bila hizo wangerudia darasa.

Nilipima motherboard, ule ubao mkuu wa ndani, nikakuta kapasita moja, kijipande cha kutunza umeme, imeungua, nikaibadilisha kwa mbwembwe zote. Nikabonyeza kitufe. Skrini ikabaki giza.

Nikavua kofia, nikampa pole ya msibani. "Mama, tulijaribu. Hii imekufa kabisa."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga mwalimu, mara kompyuta ikapiga muziki wake wa kuwaka. Aliinama, akainua waya wa skrini uliokuwa ukining'inia, kisha akacheka kwa sauti ambayo kibanda kizima kiliisikia.

"Fundi, maiti iko naimba! Na hii kamba ya ekran, mulisahau kuirudisha?"