Mtungi wa gesi wa ruzuku ulivyoniingiza jikoni kwa mama mkwe

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Kisa hiki ni changu mwenyewe na sijakiongezea chumvi, maana kilikuja na ya kwake ya kutosha. Mnaofahamiana na watu wa Ruanda kule Mbozi, tafadhali msipeleke maneno.

Mimi naishi Chapwa, Tunduma, nahangaika na magari ya mizigo pale mpakani. Mke wangu ni wa Ruanda. Mama yake anauza chai na maandazi sokoni tangu sijamjua binti yake. Maandazi hayo ndiyo yanamsomesha shemeji yangu wa mwisho, maana kahawa ya mzee inalipa mara moja kwa mwaka, tena ikiamua.

Sasa mkaa ukapanda bei. Ukapanda tena.

Mama akapunguza ukubwa wa andazi mpaka wateja wakaanza kumuuliza kama siku hizi anauza vidonge. Mwisho akamwambia mke wangu kwenye simu kwamba hali ikiendelea hivyo anafunga biashara, na mtoto arudi tu nyumbani akae. Siku hiyo mke wangu hakula.

Ndipo serikali ikaleta mitungi ya gesi ya ruzuku, ile midogo yenye jiko juu yake. Nusu bei, unaenda na kitambulisho cha taifa. Baba mkwe, kama mkuu wa kaya, akapanga foleni, akaoneshwa namna ya kuwasha, akapiga makofi na wenzake, akarudi na mtungi wake kwenye boda. Tukamshukuru Mungu.

Wiki zikapita. Tukiuliza gesi vipi, tunajibiwa "iko vizuri sana." Mke wangu hakuridhika na hilo jibu. Yeye ana duka na hana wa kumwachia, akanituma mimi.

Nafika, naona jikoni kunafuka moshi.

Naingia sebuleni, mtungi umekaa pembeni ya TV, umevalishwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. Kweli ulikuwa vizuri sana, wakuu. Ulikuwa umependeza kuliko mimi.

Nikamuuliza mzee, akakohoa kwanza. Kumbe mama anaogopa utalipuka, na aliyeoneshwa kuuwasha ni mzee, ambaye tangu aoe hajawahi kuchemsha hata maji. Yaani katika nyumba nzima alifundishwa mtu pekee asiyepika! Siilaumu sana serikali, labda ilidhani wanandoa huwa wanaongea.

Kuwasha naweza, nimepikia gesi ubachela wangu wote. Tatizo ni kwamba kwa mila zetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, wala hasemi naye uso kwa uso. Kukiwa na jambo, linapitia kwa mzee. Nina miaka kwenye ndoa na sura ya mama nilikuwa siijui vizuri, namjua kwa sauti na kwa maandazi.

Basi tukapanga hivi: mama na mtungi ndani, mzee mlangoni, mimi nyuma ya ukuta nimeangalia mibuni. Mimi nasema, mzee anafikisha.

"Mwambie awashe kiberiti kwanza, ndipo afungue gesi kidogo."

Mzee akavuta pumzi kama anayesoma risala. "Anasema fungua gesi, halafu tutafute kiberiti."

Na kiberiti kikatafutwa, wakuu. Kilitafutwa!

Harufu ikanifikia kule kwenye mibuni, na hapo hapo nikamsikia mzee akisema kwa furaha, "Hiki hapa!"

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka niko katikati ya jiko, kiberiti nimempokonya mzee, gesi nimefunga, dirisha liko wazi, na nimeshapiga kelele "Mama, toka nje!" huku tunatazamana macho kwa macho.

Tukatoka wote. Mama kajifunika kanga, mzee anakagua paa la nyumba yake. Mimi niliiogopa ile mila niliyoivunja kuliko nilivyoiogopa ile gesi.

Harufu ilipokwisha kabisa, sauti ikatoka ndani ya kanga: "Mkwe, maadamu umeshaingia, basi njoo uniwashie."

Nikawasha. Akawa anachungulia kwa jicho moja, kisha akashika mwenyewe, akawasha na kuzima mpaka mzee akaanza kulalamika kwamba gesi itaisha. Mimi nikatozwa kuku wa faini kwa kuvunja mila. Kuku huyo akapikwa kwa gesi.

Andazi limerudi ukubwa wake. Dogo yuko shule.

Nilichojifunza: msaada ni mzuri, ila afundishwe anayepika. Halafu mjue kwamba ruzuku ilikuwa ya mtungi, kujaza ni juu yako, na bei ya kujaza nayo si ya kinyonge.

Juzi simu ikaita, naona namba ya mama mkwe. Tangu nioe hajawahi kunipigia. Nikasimama wima katikati ya foleni ya malori, nikapokea kwa mikono miwili.

Hakupitia kwa mtu. Alisema tu, "Mwanangu, gesi imeisha."

Nimejaza, wakuu. Nimejaza huku nacheka peke yangu, na moyoni nilifurahi sana.

Wenye wakwe waliopata mitungi, semeni ukweli hapa: kwenu ruzuku ya kujaza ni nani?