Safari ya Japani Niliyomficha Shangazi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja hunitoka jasho. Nilikuwa Kyoto, nchini Japani, katika ukumbi wa hoteli, saa moja ya asubuhi, simu sikioni, na sauti iliyonijibu kutoka Texas ilikuwa yangu mwenyewe. Kaa vizuri nikueleze nilivyofika hapo, maana sikufika kwa siku moja.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, naishi peke yangu Euless, Texas, karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, katika fleti ambayo kila ndege ikipita vikombe vilitikisika kabatini. Kazi yangu ilikuwa kuwatunza wazee. Mmoja wao alikuwa bibi wa Kijapani, mjane wa mwanajeshi wa Kimarekani, na kila nilipomchana nywele alinisimulia Kyoto: majani yanavyogeuka mekundu, nyumba ambazo huingii na viatu. Nikamwambia hata kwetu Mombasa huingii na viatu, akacheka sana. Alipofariki, zile habari zikabaki kwangu na hazikunipa raha. Nikaona tangazo la ziara ya siku kumi. Watu wanasafiri pamoja na kiongozi wao, wanaonyeshwa mahekalu na bustani, wanakaribishwa chai kwa utaratibu wa Kijapani, na msafiri wa peke yake anapokewa. Nikajiandikisha.

Sasa, aliyenileta Marekani ni Shangazi Maimuna, dada yake baba. Alikaa Fort Worth, mji wa jirani, na kufanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Baba alinikabidhi kwake mbele ya watu, naye akasema huyu ni wangu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu, na hofu tele. Aliogopa mvua, aliogopa barabara kuu, aliogopa hata mbwa wa jirani ambaye hakuwa na meno. Mimi nikajua atakavyosema nikimtajia Japani: msichana hajaolewa, peke yake, na watu asiowajua. Nasema nilijua, lakini sikumwuliza. Nilijijibu mwenyewe kwa niaba yake.

Kisha nikachagua uongo, na nikauchagua mzuri. Rafiki yangu Rehema alikuwa amejifungua kule Houston, mwendo wa saa nne kwa gari, mtaa wa Sharpstown. Alikaa fleti ya chini, na mumewe dereva wa malori, leo yuko hapa, kesho yuko California. Unajua kwetu mzazi haachwi peke yake siku arubaini. Nikamwambia shangazi naenda kukaa na Rehema siku kumi. Alifurahi hata akanishika mashavu. Akanisagia pilipili manga na tangawizi za uji wa mzazi, akafunga mfuko kwa mkono wake, akasema sasa umekuwa mtu mzima. Ule mfuko sikuweza kuutupa. Nilikwenda nao mpaka Japani, na afisa wa forodha alipoufungua na kunusa unga wake nilidhani nafungwa siku hiyo hiyo.

Rehema hakupendezwa. Aliniambia kwenye simu, "Saumu, mimi siwezi kumdanganya mtu mzima. Akipiga nitamwambia umelala. Mara moja tu. Ya pili nasema ukweli." Nikamwambia hatapiga.

Halafu kulikuwa na fomu. Wenye ziara walitaka jina na simu ya mtu wa kuarifiwa likitokea jambo. Niliogopa wakimpigia shangazi hata kwa kuuliza kitu kidogo tu, siri imetoka. Basi nikabuni jina, na mbele yake nikaandika nambari ya simu ya fleti yangu mwenyewe. Nilijiona mjanja. Usicheke, kila mtu ana umri wake wa kujiona mjanja.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Lakini sikuifaidi kama nilivyotarajia, kwa sababu hofu nilipanda nayo ndege. Wenzangu walikuwa wazee wa Kimarekani, waume na wake zao. Kiongozi wetu aliitwa Bi Noriko, mama wa makamo, mwembamba, mwenye kibendera cha njano. Kila tukirudi kwenye basi alituhesabu wawili wawili, kisha mwisho kabisa ananitafuta mimi na kuinua kidole kimoja. Siku ya tatu, katika stesheni yenye watu wengi kuliko niliopata kuwaona maishani, nilisimama kufunga kiatu, nikainua kichwa, njano haipo. Huenda zilikuwa dakika mbili. Katika dakika hizo mbili nilifahamu kwamba kama nitaanguka pale, hakuna mtu wangu hata mmoja duniani atakayejua nilipo. Bi Noriko alinirudia mbio, akanishika mkono, akanirudisha kundini. 

Siku ya tano asubuhi, tukiwa mezani, televisheni ya ukumbini ilikuwa kwenye idhaa ya Kiingereza. Nikasikia Houston. Nikageuka, nikaona maji. Barabara zimekuwa mito, mapaa ya magari yamejitokeza, watu wako juu ya nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima usiku kucha na bado inanyesha. 

Jambo la kwanza nililofikiri si Rehema wala mtoto, Mungu anisamehe. Nilifikiri kwamba Shangazi Maimuna anayatazama maji yale yale, na anaamini mimi nimo ndani yake.

Nikakimbilia simu. Kwa Rehema haikuingia kabisa. Kwa shangazi iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na tena. Bi Noriko akaja na faili lake, akanikalisha, akasema tumtafute mtu wako wa dharura. Akafungua fomu yangu, akapiga nambari mwenyewe, taratibu, kisha akanipa simu. Na mimi, kwa jinsi nilivyochanganyikiwa, nikaipokea kwa matumaini. Ndipo nikasikia, "Mimi ni Saumu, sipo nyumbani kwa sasa, tafadhali acha ujumbe."

Nilipata akili kidogo. Mashine zile za kujibu simu za siku hizo, ukibonyeza tarakimu zako za siri ukiwa mbali, zilikusomea ujumbe ulioachwa. Nikabonyeza. Zilikuwa jumbe nne, zote za shangazi.

Katika wa kwanza alikuwa bado anacheka: "Saumu, ni shangazi yako. Naona kwa TV huko Houston ni mvua tu. Nipigie, usinitie presha."

Katika wa pili hakucheka. Alisema simu ya Rehema haiingii, na kama nimerudi Euless nimpigie hata nikiwa nimechoka.

Katika wa tatu alisema amepiga kazini kwangu, wamemwambia nimechukua likizo ya wiki mbili na hawajui nilikokwenda. "Mume wa Rehema hayuko. Mko wanawake wawili na mtoto mchanga, nyumba ya chini. Mimi siwezi kukaa hapa, mwanangu. Nita-drive mwenyewe."

Wa nne ulikuwa na kelele za magari na mvua. Alikuwa kituo cha mafuta, njiani, amebakiza saa moja aingie mjini. "Nimekubebea nguo kavu," alisema. "Ikiwa umerudi nyumbani na unanisikia, kaa hapo hapo. Usinifuate."

Kisha mashine ikasema hakuna ujumbe mwingine.

Nikapiga hesabu ya saa. Kyoto ikiwa asubuhi, Texas ni jioni ya siku iliyotangulia. Shangazi aliyeogopa barabara kuu alikuwa ameingia Houston mchana ule, peke yake, kunitafuta mimi nisiyekuwapo. Nililia kwa sauti mbele za watu, na sikujali.

Bi Noriko alikaa nami. Alinitazama, akaitazama fomu, ambako nambari yangu na ya mtu wa dharura ilikuwa moja, akanielewa bila mimi kumweleza. Alisema maneno machache ambayo sijayasahau: "Siku zote nimekuhesabu. Lakini kumbe ningekupoteza, nisingekuwa na wa kumwambia." Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alinitafutia nafasi katika ndege ya kesho yake, akanisindikiza mwenyewe mpaka kwenye treni ya kwenda uwanjani.

Siku hiyo nzima, na ile iliyofuata, sijui nilivyozipitisha. Kila penye simu nilisimama nikapiga. Simu ya shangazi inaita tu. Mashine yangu haina jipya. Nilijiona tayari nampigia baba Mombasa, na sikujua sentensi ya kumwambia dada yake amekufa huanza vipi. Pale uwanja wa ndege, dakika chache kabla ya kupanda, nikajaribu mara ya mwisho. Mashine ikasema upo ujumbe mmoja.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, Kiswahili cha Kongo. "Dada Saumu, mimi naitwa Muhindo, hunijue. Mama yako eko huku Houston ku hopitali. Eko muzima. Mguu ndio ilivunjika. Eko anauliza juu yako tu. Kama uko muzima, piga simu." Kisha akaitaja nambari ya hospitali. Nilikaa chini sakafuni, na koti langu, na watu wananiruka.

Huyo Muhindo nilikuja kumjua. Alikuwa akitoka kazini ghalani, ameacha gari lake palipoinuka anatembea kwa miguu, akasikia sauti chini ya daraja, pale barabara inaposhuka na maji kujikusanya. Gari la shangazi lilikuwa limezima, maji yamefika kifuani, mlango haufunguki. Muhindo aliniambia hakumsikia akiita msaada. Alikuwa anaita, "Saumu, uko wapi?" kwa Kiswahili, ndipo akajua ni mtu wa kuongea naye. Alimwambia, "Mama, usiogope, niko nakuja," akavunja kioo kwa jiwe, akamvuta. Mguu ulinaswa chini ya usukani ukavunjika mahali pawili. Nambari pekee ya simu aliyoikumbuka shangazi hospitalini ilikuwa yangu.

Nilipofika hospitalini kutoka Dallas, alikuwa amelala mguu juu, amekuwa mdogo kitandani. Rehema na mtoto walikuwa salama, jirani wa juu aliwachukua mapema, na Rehema alikwisha kumweleza shangazi kila kitu. Nikapiga magoti. Nikaanza maneno yangu ya kuomba radhi niliyoyapanga angani, akainua mkono ninyamaze.

"Nilikuwa nakuita ndani ya maji," alisema, "na hukuwamo."

 Akanitazama usoni kama anahakikisha ni mimi.

"Ungeniambia Japani, ningeogopa, Saumu. Ningelia, ningekugombeza, labda nisingekusemesha wiki nzima. Lakini ningeogopa nikiwa nyumbani kwangu."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Mguu haukupona sawa, na shangazi hakushika tena usukani. Alipotoka hospitali nilimhamishia kwangu, na wageni wakaanza kuja kumjulia hali, watu wa Mombasa, watu wa Unguja, na vyakula vyao. Kila mmoja alitaka kujua kilichompeleka Houston kwenye mvua ile mtu anayeogopa hata manyunyu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, natayarisha chai. Nilisubiri nitajwe.

"Nilikwenda kumwona mtoto wa Rehema," alisema shangazi.

Mwanangu, kabla ya hapo huyu mama sikupata kumsikia akisema uongo, hata wa kumridhisha mgeni. Alisema hivyo kwa huyo, akasema kwa aliyefuata, akamwambia baba yangu kwenye simu, akaendelea kusema hivyo mwaka baada ya mwaka, anachechemea, mpaka alipofariki. Wengine walimcheka kwa kujitia kiherehere. Alikubali kuchekwa. Nami nilikaa kimya nikagawa chai. Wewe ni wa kwanza kunisikia nikiyasema haya, na bado naona aibu.

Sikukatazi safari. Nenda Japani, nenda popote, nenda na kundi la watu usiowajua, nenda peke yako, uone dunia ilivyo pana. Ninalokuomba ni moja. Kabla hujatoka, mwambie mtu mmoja anayekupenda ukweli wa unakokwenda, jina la mji na siku ya kurudi, hata kama unajua atapiga kelele. Usimjibie kabla hujamwuliza. Kelele zake utazivumilia. Na ukimdanganya kwa ajili ya kumwepusha na hofu, jua hofu haiondoki, unampeleka tu kuogopa mahali pasipo pake, na huko anaweza kufa.

Mungu akufungulie njia. Akuepushe na maji na moto, na ujanja wako mwenyewe. Akupeleke salama, akurudishe salama, na aliyekuwa akikuombea umkute mzima, naye akukute mzima.